Siku Tuliyoazima Chanja za Hamdani

Kikundi chetu pale mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapofikia, ni cha kina mama wakaushaji dagaa, na shida yetu kubwa ilikuwa mchanga. Tulikuwa tunaanika chini. Kuku wanakula, bata wanakula, kunguru naye anachagua walionona, na wanaobaki ukiwatafuna ni krachu krachu mpaka unamkumbuka aliyekuuzia. Tuliposikia kuna taasisi inatoa ruzuku kwa vikundi, tukaomba chanja, zile meza ndefu za wavu, dagaa nao wakae juu kama watu. Taasisi ikajibu kwamba itamtuma mtu aje aone hali yetu kwanza.

Hapo ndipo tulipoharibu. Mwenyekiti wetu, Marcelina, alilelewa vizuri kupita kiasi. Kwao mgeni haonyeshwi sufuria lililotoboka.

"Mtu atoke ofisini akute dagaa mchangani?" alisema. "Tutaonekana watu wa namna gani?"

Akaenda kwa jirani yetu Hamdani, mkaushaji mwenye vifaa vyake, akaazima chanja zote. Tukazipanga, tukamwaga dagaa juu. Tukafagia mwalo. Kuku na bata tukawafungia kwenye banda la Spesiosa, mlango tukaukaza kwa kipande cha kitenge. Tukapika samaki wetu wa ziwani, mgebuka wa mawese, ule mzito unaoacha midomo myekundu.

Mgeni akaja, binti mpole, jina lake Yasmini. Akala, akasifu, akapita kwenye chanja akigusa wavu kwa kidole.

"Mama zangu, habari za kazi?"

"Nzuri, mwanangu," akajibu Marcelina.

"Na shida za hapa?"

"Nzuri tu."

"Mvua ikinyesha je?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Kuku hawasumbui?"

"Kuku gani?" Marcelina akauliza, na huko bandani jogoo akawika.

Nikamfinya Spesiosa aseme neno. Masikini, akadhani namhimiza amuunge mkono mwenyekiti. "Ego! Ndiyo!" akasema kwa sauti. "Hatuna shida hata moja!"

Yasmini akafunga mkoba. "Basi hongereni sana. Chanja mnazo. Ruzuku hii niwapelekee wenye shida."

Ruzuku ndiyo hiyo ikawa inaondoka. Lakini nani angesema? Kumlilia mgeni shida wakati mafuta yako bado yako mdomoni mwake, hiyo si adabu.

Mara Hamdani huyo, anasukuma mkokoteni.

"Jamani, chanja zangu. Mitumbwi imeingia, dagaa wangu wanalainika."

"Mzee Hamdani!" Marcelina akamkimbilia. "Karibu umsalimie mgeni!"

"Nimemwona, hajambo. Toeni dagaa wenu."

"Huyu ni mtani wetu," Marcelina akamwambia Yasmini, akicheka peke yake.

"Mtani wa nani? Uliniambia unaziazima asubuhi tu!" Hamdani akainua chanja upande mmoja, dagaa wakamwagika mchangani shaaa.

Kule bandani wakasikia. Kitenge kikakatika. Walitoka wote kwa pamoja, kama watu wa harusi waliosikia chakula kiko tayari. Spesiosa akamrukia kuku, akamkalia bata. Yasmini akavua viatu, kimoja kila mkono, akawa anawapiga kunguru wasiopigika. Hamdani naye akawa anapakia chanja zake bila haraka, anapiga mluzi.

Vumbi lilipotulia, Yasmini alikuwa na dagaa nyweleni. Akamtazama mwenyekiti.

"Mama, habari za chanja?"

"Nzuri, mwanangu," akasema Marcelina, kuku akimdonoa kidole cha mguu.

Nikashindwa. "Mbaya!" nikasema. "Mbaya kabisa, binti yangu!" Tangu nizaliwe sijawahi kumjibu mtu habari hivyo. Nikasikia wepesi kama nimetua ndoo ya maji.

Wenzangu kuona hivyo, wakafunguka. Mvua mbaya! Mchanga mbaya! Wateja wa soko la Mwandiga wanaturudishia mzigo! Hata Marcelina akaketi chini na kulia kwamba sufuria lile la mgebuka nalo la kuazima.

Yasmini akaketi mchangani nasi, akaandika. Na chanja hizo tulizipata, wavu mpya, miguu ya chuma. Ila siku ile kuondoka kulimshinda, maana Spesiosa alikuwa amemshika mkono akimweleza goti lake la kushoto, tangu lilipoanza.

"Mama yangu, pole sana," Yasmini akasema, "lakini taasisi haina fungu la magoti."

"Wewe andika tu," Spesiosa akamwambia. "Kukataa wakatae wenyewe."