Kabureta Tatu Bila Filta

Mimi ni fundi wa kabureta, na nasema bila haya kwamba Mtwara nzima hakuna sikio kama langu. Pikipiki, boti, mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho, zote nazisikiliza zikinguruma, nageuza skrubu robo, basi. Majivuno hayo ndiyo yaliyotaka kuniulia mwanangu.

Bwana Salumu, mstaafu wa bandarini, alituletea Datsun ya mwaka sabini na mbili, ya milango miwili, ambayo marehemu kaka yake alikuwa akiiendesha kwenye mashindano ya mbio. Silinda zilishatanuliwa na kemshafti kali ya mbio ilishawekwa. Kilichobaki ni kuchagua kabureta. Kulikuwa na mbili za asili, na seti ya kabureta tatu kubwa ambayo Bwana Salumu aliiagiza kutoka Dar. Binti yangu Rehana, ambaye tumefanya kazi pamoja miaka minane, alizitazama zile tatu akatikisa kichwa.

"Baba, hizi zina mdomo mpana kuliko pumzi ya injini. Mwendo wa chini zitakosa petroli, zitatema moto. Na ukiweka filta za hewa boneti haifungi."

"Filta inaikaba injini," nikamwambia. "Wewe funga."

Akafunga. Rehana ni mtiifu, na utii wake wakati mwingine huniudhi, maana hunyamaza hali anajua yuko sahihi. Jioni mbili nilihangaika na zile kabureta, nabadilisha jeti za petroli, nasawazisha hewa, nageuza skrubu. Gari likisimama, injini iliimba vizuri. Ukikanyaga mafuta ghafla, ilikohoa, na ulimi wa moto ukachungulia kwenye mdomo wa kabureta ya mbele.

Mara ya kwanza Rehana aliruka nyuma. Nilimcheka, kisha nikamfundisha kama nilivyofundishwa mimi. "Moto ukitoka hapo usikimbie. Kaa kwenye usukani, piga stata. Injini itaunywa moto wake yenyewe." Nikamrudisha mara tatu, na mara tatu moto ukazimika.

Jumanne asubuhi nikamtuma akalijaribu gari. "Nenda nalo hadi kijijini Ziwani," nikasema, "njia ya mashambani. Huko hakuna bajaji za kukukatiza mbele." Aliondoka saa kumi na mbili na nusu. Mimi nikakaa kunywa chai.

Nilikuwa kwenye funda la pili nilipotazama kona ya karakana. Wiki nzima kona ile ilijaa mashine za salfa, kumi na moja, nazitengeneza mchana kutwa. Sasa ilikuwa tupu. Wenyewe walizichukua jana yake jioni, karibu wote watu wa Ziwani. Ni mwezi wa sita. Salfa hupulizwa asubuhi mapema, umande ungalipo na upepo haujaamka, na vumbi lake la njano hutanda mpaka barabarani. Na salfa inashika moto. Huku kwetu kila mtu anajua, ndiyo maana penye magunia ya salfa hapavutwi sigara. Hata mimi nilijua. Nilikuwa nimetuma gari linalotema moto, lisilo na filta hata moja, likanywe vumbi lile.

Nilimpigia simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena.

Nilipanda pikipiki bila hata kufunga karakana. Moto niliuogopa, lakini kilichonikimbiza kilikuwa kingine. Niliogopa kwamba atanitii. Karakanani moto ule ulikuwa mdogo na hewa ilikuwa safi. Ndani ya wingu la salfa, kila akipiga stata injini ingevuta vumbi zaidi na kutema tena, na moshi wa salfa humkaba mtu kabla moto haujamfikia. Nami nilimwambia akae. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia la mtoto hawakumtaja. Njia nzima nilimwomba Mungu anipe binti mkaidi, leo tu.

Nilipoacha lami, hewa ikaanza kunuka kiberiti. Nikasikia mashine zikivuma mikoroshoni. Nilizitambua kwa sauti, hii ya Yusufu, ile ya Mwajuma, zote zinafanya kazi vizuri, na nilizichukia. Kisha zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine. Saa ile ya asubuhi hakuna anayezima mashine bila sababu. Nikaongeza mwendo.

Datsun ilikuwa katikati ya njia. Boneti imejikunja, moto wa buluu wa salfa unatambaa ubavuni, na watu wanautupia mchanga huku wamejiziba pua kwa nguo. Vioo vilikuwa vimejaa masizi. Sikuweza kuona kama kwenye kiti kuna mtu. Niliita jina lake, na sauti iliyotoka sikuijua.

"Yupo huku, fundi," akasema Mwajuma, mwenye shamba.

Rehana alikuwa amekaa chini upande wa pili wa barabara, uso wote wa njano, nyusi zimeungua, anakohoa na machozi yanamchuruzika. Nilipiga magoti mbele yake. Alinitazama kwa woga, woga ule aliokuwa nao utotoni akivunja kikombe.

"Nisamehe, baba," akasema. "Nilishika ufunguo nipige stata, kama ulivyonifundisha. Nikashindwa. Nikakimbia."

Nikamshika mkono wa kulia, aliokuwa ameukunja ngumi kifuani, nikafungua kidole kimoja kimoja. Ufunguo wa Datsun ulikuwa humo, na meno yake yamejichora kwenye kiganja.