Kijiji Kilichokufa Kitabuni

Mimi nilizaliwa miaka kumi na minne baada ya kijiji changu kufa. Msinipe pole, sikusikia maumivu yoyote. Kifo chenyewe kimo katika kitabu cha Profesa Anselme Vaissade, mwanajiografia mkubwa, ukurasa wa mia mbili na kumi na nne: ifikapo mwaka 1990, hakuna bomba la moshi litakalofuka Vernassou. Basi tuko nyumba tisa huku juu milimani Auvergne, Ufaransa, na mabomba yote yanafuka, hata la Fernand, ambaye hapiki, anachoma magazeti tu.

Bibi yangu Noélie ameukariri ukurasa huo kama sala.

Kiangazi cha 1959 Anselme alikuja kwa baiskeli, kijana wa miaka ishirini na sita, mkoba umejaa karatasi za maswali ya tasnifu yake. Alipanga chumba kwa wazazi wa Bibi. Bibi alikuwa na miaka kumi na tisa, na miezi mitatu mizima alimshikia upande wa pili wa utepe wa kupimia. Alimpeleka kwenye vibanda vya malishoni wanakotengeneza jibini, akamwonyesha chemchemi ipi hukauka Agosti na ipi hujifanya imekauka. Anselme naye akamfundisha kusoma kontua, mistari ya mwinuko kwenye ramani: mistari ikibanana, njia ni kali, magoti yatalia.

"Mlipendana?" niliwahi kumuuliza.

"Tulipima," akasema, akaendelea kumenya viazi. Lakini kiazi kile alikimenya mpaka kikabaki kama gololi.

Kitabu kilitoka mwaka 1966. Anselme alimtumia nakala. Bibi aliketi kizingitini akatafuta nyumba yao, akaikuta: ng'ombe kumi na wanne, chemchemi moja isiyokauka, mrithi hakuna. Wakati huo mgongo wa baba yake ulikuwa umekwisha, na ng'ombe wale kumi na wanne alikuwa anawakamua Bibi, asubuhi na jioni. Nyumba sita kati ya tisa zilikuwa na mabinti tu. Zote sita: mrithi hakuna. Bwana msomi alihesabu wavulana. Wasichana, kwa hesabu yake, wangeolewa bondeni wakaishia huko.

"Miezi mitatu nimeshika utepe," Bibi husema, "na hakuniona."

Kitabu kikampa Anselme uprofesa, kwanza Clermont, halafu Paris. Akapewa nishani, akaandika vitabu vya shule; hata mimi mito ya Ufaransa niliijua kwenye ramani yenye jina lake pembeni. Kila baada ya miaka michache alileta basi la wanafunzi, wakasimama kilima cha ng'ambo, akatunyooshea fimbo kama daktari anayeonyesha maiti. Hakushuka hata mara moja. Siku hizo Bibi alianika nguo zote za nyumba, hata zilizo safi.

Majira ya kuchipua mwaka huu nilimwandikia bila Bibi kujua: "Mheshimiwa Profesa, marehemu wa Vernassou wanakusalimu, na wanakukaribisha chakula cha mchana Jumapili."

Akaja! Miaka tisini, fimbo mkononi. Binti yake alimshusha penye bomba la maji akaahidi kurudi saa kumi na moja.

Bibi akatoka mlangoni. "Nani kamwita huyu?"

"Mimi, Bibi."

"Basi mlishe wewe. Nje. Mezani kwangu haketi."

Profesa akavua kofia. "Noélie, nimekuja kusahihisha."

"Sahihisha, Bwana Vaissade. Kalamu si unayo?"

"Si la kalamu hili."

"Uliniuliza mvua. Uliniuliza nyasi. Uliniuliza mpaka majina ya ng'ombe. Lile moja, kama nitabaki, hukuniuliza."

"Nilidhani jibu ninalijua."

"Na huo ndio usomi?"

"Ndivyo ulivyokuwa." Akashika fimbo kwa mikono miwili. "Kule kilimani niliona nguo. Kila mara. Nikawaambia wanafunzi ni za wazee waliobaki."

"Za wazee!" Bibi akapandisha sauti. "Sketi nyekundu ile? Una macho wewe, au una vitabu tu?"

Mimi nikauma kola ya shati nisicheke.

"Mwaka 1972 nilikwishajua nimekosea," Profesa akasema. "Lakini mtu akipewa kiti kwa sababu ya kitabu, kusimama aseme kitabu kina shimo… Nikaogopa. Niliogopa wenzangu. Halafu nikakuogopa wewe. Sasa ninaogopa kufa hujanisamehe."

Bibi alimtazama viatu, vile vyeusi vya mjini, vimeshanasa kinyesi cha ng'ombe hatua tatu tu kutoka garini. Nilijua akisema nenda, mzee yule hatarudi tena. Yeye pia alijua.

"Viazi vinataka nusu saa," akasema mwishowe. "Nyumba za mabinti ziko sita. Tuanze kwa Odette. Nipe mkono, njia imebanana mistari."

Wakaondoka, bega kwa bega, polepole kuliko kobe. Nilisikia mlango wa Odette ukigongwa, na Odette akipiga kelele, "Nani tena?"

"Mgeni," Bibi akajibu. "Amechelewa, lakini ana swali."

Nilichungulia dirishani muda wote, ndiyo maana truffade ikaungua chini, viazi na jibini vikashikana na kikaango kama ndugu. Walirudi baada ya saa moja na nusu. Nyumba mbili tu. Profesa alikuwa hoi, macho mekundu, na Odette alikuwa amemjaza mfuko mzima wa mayai.

Bibi akavuta kiti cha upande wake wa meza, akafuta kwa aproni, akamkalisha. Akampakulia yeye kwanza, penye ukoko.

"Zimebaki nne," akamwambia. "Jumapili ijayo uje mapema, Anselme. Na uvae viatu vya watu."

Profesa mdomo ulikuwa umejaa. Aliitikia kwa kichwa tu.