Geuza Ilikuwa ya Mikono

Kavindu, mama yake Kyengo, alikuwa anaosha sufuria nyumbani kwake, mtaa wa Landless mjini Thika, aliposikia redio ikieleza maana ya "geuza". Mtangazaji wa Ruiru aitwaye Mwas alisema huo muziki mpya, unaochezwa na vijana wote kuanzia Thika mpaka Ruiru, ulipata jina kutoka kwa madereva: unafika kona, unageuza gari, unarudi.

Kavindu alizima redio. Alikuwa amevunja kokoto tangu asubuhi, na hata kukasirika kulitaka nguvu.

Kesho yake alimwambia Wangechi, karani wa lori linalobeba kokoto. Mwaka juzi Wangechi ndiye aliyewarekodi Kavindu na wenzake kwa simu, nyundo na sauti zao, akampelekea kaka yake mwenye studio, naye akatengeneza wimbo wa kwanza wa geuza.

"Wanadanganya watu. Hilo neno ni la Ndanu."

Wangechi aliangalia chini. "Nilimwambia kaka yangu. Akasema hakuna mtu atauliza."

"Basi mimi nataka kuulizwa."

Wangechi akapiga simu redioni. Alhamisi asubuhi Kavindu alikuwa Ruiru, ndani ya chumba kidogo cha redio, amevaa viatu vya kanisa vinavyombana.

"Mathe, karibu sana," Mwas alisema. "Sasa tuambie, geuza ni nini? Ni kiuno, ama?"

"Ni mkono."

"Mkono?"

"Tulikuwa wanawake sita kule kwa mawe, upande wa Gatuanyaga. Unagonga na mkono wa kulia mpaka vidole vinakataa kushika. Na huwezi kupumzika, kwa sababu mwili ukipoa hautaamka tena. Kwa hivyo Ndanu alikuwa anaita, 'Geuza!' Sisi sote tunahamisha nyundo kwa mkono wa kushoto. Kushoto hakuna nguvu, kwa hivyo mapigo yanakuwa mazito, yanajivuta. Hapo ndipo nyinyi mnapenda."

Mwas aliacha kucheka. "Na huyo Ndanu tunaweza kumpata?"

"Ndanu Mwau. Yuko kwake. Mikono yote miwili ilikufa ganzi. Binti yake ndiye anamlisha."

Mwas aliinamia maikrofoni. "Aki pole, mathe," akasema, kisha akaweka wimbo.

Kavindu hakwenda nyumbani. Alichukua pikipiki kutoka Thika hadi Gatuanyaga, akafika amejaa vumbi. Ndanu alikuwa ameketi kivulini kando ya nyumba, mikono juu ya mapaja. Kavindu alimwekea wimbo kwa simu.

"Huyo ni mimi?" Ndanu aliuliza.

"Ni wewe."

"Kumbe nilikuwa na sauti." Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba urudiwe. Mara ya pili alitikisa kichwa. "Lakini hawa wanageuza mapema sana, Mama Kyengo. Hawajachoka."

Kavindu alicheka mpaka akashika mbavu. Ndanu naye akacheka, kisha machozi yakamtoka na hakuweza kuyafuta. Kavindu alimfuta kwa pembe ya leso yake, akaendelea kukaa naye.

Jumamosi kaka yake Wangechi alikuja Gatuanyaga mwenyewe. Aliomba msamaha amesimama, kofia mkononi, na Ndanu akamwambia aketi kwanza, hawezi kumsikiliza mtu mrefu hivyo. Jina la Ndanu Mwau likawekwa kwenye wimbo. Wiki iliyofuata Mwas alirekebisha maneno yake hewani.

Vijana wengine wa Makongeni walisema ile hadithi ya madereva ilikuwa tamu kuliko hii, wakaendelea nayo. Kavindu aliwasikia wakibishana dukani alipoenda kununua unga. Hakuwaingilia. Alikuwa amesema ukweli mara moja, kwa sauti, akataja na jina la Ndanu, na miguu ilikuwa inamuuma. Alilipa akaenda kupika.