Jua Lililobaki Pangoni

Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu, na kwa miaka thelathini nimekuwa nikivishona bila kuvisoma. Msinicheke. Ukianza kusoma kitabu cha mteja hukimalizi kukishona, na mteja anakuja juu. Msomaji nyumbani kwetu ni mke wangu. Alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na mtaa mzima, mimi nikiwemo, tunamwita Mwalimu.

Mwaka huu daktari wa macho alitueleza bila kuzungukazunguka. Macho ya Mwalimu yalikuwa yanakufa kuanzia katikati. Pembeni angeendelea kuona. Angetembea, angemimina chai, angejua nani kaingia mlangoni, ila herufi zingempotea. "Kusoma, labda mpaka mwisho wa mwaka," alisema. Tulitoka pale tumeshikana mikono, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya barabarani tangu ujana wetu.

Nilidhani atalia. Yeye akaniambia tulipokaa mezani, "Baba watoto, nimefundisha kujumlisha na kutoa maisha yangu yote. Zile hadithi za kale za watu wa dunia, za miungu na mwanzo wa mambo, sijawahi kupata nafasi ya kuzisoma. Nataka kujua kila taifa lilisema mwanga ulitoka wapi. Na nisome mwenyewe, kabla wangu haujaniaga."

"Nitakuletea vitabu."

"Vya kuanzia tu. Usinihamishie ghala humu ndani."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa mama muuza vitabu, ambaye amekuwa akiniletea kazi miaka mingi na hatujawahi kuonana bila kubishana. Nikamweleza habari ya macho ya Mwalimu, nikamuuliza mtu anayetaka visasili vya dunia aanze na kipi. Alipanda kigoda, akashusha viwili vitatu.

"Usimpe hii kamusi ya miungu," alisema. "Atachoshwa na majina kabla hajaonja hadithi. Mpe hiki, kina hadithi za nchi nyingi, fupi fupi. Akivutiwa na za nchi moja, uje uchukue kitabu cha nchi hiyo. Hivyo ndivyo mtu anavyoanza."

Nilikigeuza, nikakinusa, nikakivuta mgongo. "Hiki kimebandikwa gundi tu. Mwezi hauishi kitakuwa kimefumuka."

"Fundi, mkeo anakwenda kukisoma au kukivaa?"

Nilijifanya hamnazo. Nikachagua kingine mwenyewe, kimeshonwa kwa uzi safi, maandishi makubwa, hadithi za dunia nzima, kinene cha kuegemeza mlango. Akanionya kwamba mgonjwa wa macho hawezi kukishika kile. Nikamwambia vitabu navijua.

Alikuwa sahihi, bahati mbaya. Mwalimu ilibidi akisogeze kitabu mpaka karibu na pua, na baada ya dakika kumi mikono ilimtetemeka. Kurudi dukani kukiri kosa sikuwa tayari. Nikakifumua chote, nikakigawa vitabu vidogo vitano, vyepesi, kila kimoja na jalada la kitambaa laini. Kila wiki nilishona kimoja nikampa.

Sijawahi kuifurahia kazi yangu namna ile. Alasiri Mwalimu alikaa dirishani, kichwa kakiinamisha upande kidogo, akifunua kurasa. Mimi nilikuwa mezani kwangu hatua tatu kutoka kwake, na sindano yangu.

"Kitamu?" nilimuuliza.

"Kitamu mno. Hebu usinisumbue."

Basi kichwa kilinivimba siku nzima.

Wiki ya nne niliona uzi umechomoza kwenye kile kitabu cha pili, nikakichukua nikirekebishe. Ndipo nilipoona ukurasa wa tisini na sita unafuatwa na ukurasa wa mia mbili themanini na tisa. Sisi wajalidi, kabla ya kutia sindano, hupitia kwanza namba za kurasa, fungu kwa fungu la karatasi zilizokunjwa. Mwanagenzi akisahau hilo namfukuza. Mimi nilisahau, kwa haraka yangu ya kumfurahisha mtu.

Kwa mara ya kwanza nikasoma nilichokishona. Mungu wa kike wa jua aliudhiwa na ndugu yake, akajifungia pangoni, dunia ikaingia giza. Miungu wenzake wakakusanyika nje ya pango kushauriana namna ya kumtoa. Nikafunua ukurasa. Mzee mmoja yumo ndani ya mashua, mvua inamwagika, anahesabu wanyama. Jua nimeliacha pangoni! Fungu lenye mwisho wake nililikuta kati ya karatasi za kitabu cha tano, ambacho nilikuwa bado sijakishona.

Kwanza niliona aibu. Huyu ni mwanamke anayesahihisha kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Kitabu alikuwa nacho wiki mbili na hakuniambia hata neno moja. Nikafikiri amenionea huruma. Halafu wazo jingine likanijia. Nikamwendea pale dirishani.

"Mwalimu, yule mungu wa jua aliyeudhiwa na ndugu yake akajifungia pangoni, mwishowe alitoka?"

Hakusita hata kidogo. "Alitoka. Ndugu yake alimwomba msamaha, naye akatoka. Hadithi nzuri kweli."

Nikakaa sakafuni, nikaweka kichwa changu magotini pake.

"Wewe, una nini?"

"Nilikosea kushona. Mwisho wa hadithi ile haumo. Uko mezani kwangu."

Nilisikia kitabu cha nne kikifungwa, kisha mkono wake ukanishika kichwa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Kitabu cha kwanza nilisoma kurasa tisa. Daktari alikosea hesabu, baba watoto."

"Na mwezi mzima umekuwa ukifunua kurasa tu?"

"Ulikuwa unapiga mluzi," alisema. "Ni miaka mingapi sijakusikia ukipiga mluzi? Nilijua nikikwambia utaacha kushona."

Nilikasirika, siwafichi. Nilikasirika kwamba alikaa na giza lake peke yake hatua tatu kutoka kwangu, huku mimi najisifu kwa majalada. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti ya juu. Akasema nimsamehe. Nikamwambia anisamehe yeye kwanza. Tukalia pamoja, watu wazima wenye wajukuu.

Kisha nikanyanyuka, nikalichukua lile fungu mezani, nikajifuta pua na kuanza kusoma. Nasoma polepole, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mmoja wa miungu akacheza ngoma ya vituko mbele ya pango. Wenzake wakaangua kicheko. Aliye ndani akashangaa, wanachekaje na dunia ina giza? Akasogeza jiwe kidogo achungulie, wakamshika mkono, wakamvuta nje.

"Kumbe ni kicheko!" Mwalimu alisema, na uso wake ulikuwa umechangamka kama wa msichana. "Mimi nilimtoa kwa msamaha. Hiki chao ni bora." Akafikiri kidogo. "Kesho nenda kwa muuza vitabu, umwache akuchagulie yeye. Mwambie unataka chenye sentensi fupi."

"Kwa ajili ya macho yako?"

"Kwa ajili ya pumzi yako. Unatweta."

Nikacheka, machozi bado yananitoka. Nilipotaka kuzikunja karatasi, aliziwekea kiganja chake juu.

"Bado," alisema. "Rudia pale alipochungulia."

Nikarudia.