Ndizi Zilizopimwa

Mukhisa hakuwahi kuwaheshimu wanunuzi wake, wala hakuwahi kuwaibia. Kwake mambo hayo mawili yalikaa pamoja bila ugomvi. Mtu akija kwenye meza yake sokoni Kitale na kuanza kubonyezabonyeza ndizi, Mukhisa alimwambia, "Mama, hiyo ni ndizi, si tumbo la mgonjwa. Chukua au uache." Mama alichukua. Alinung'unika mpaka langoni, na kesho yake akarudi, kwa sababu ndizi za Mukhisa ziliiva polepole ndani ya gunia na majani. Hazikutiwa ile dawa ya mafundi wa kuchomelea vyuma, inayogeuza ganda kuwa la manjano na kuacha moyo mbichi.

Ndizi zenyewe zilitoka Malakisi, shambani kwa dada yake Nakhumicha. Nakhumicha alikuwa mjane aliyelima tumbaku tangu aolewe, na moshi wa kukaushia majani ulikuwa umemharibu kifua hata akilala jirani wanamsikia. Mukhisa ndiye aliyemwambia ang'oe.

"Ng'oa yote," alimwambia. "Panda ndizi, kuuza niachie mimi."

Wakulima wenzake walimcheka, wakamwambia ndizi ni chakula cha watoto na nyani. Aling'oa. Tangu siku hiyo, kila mkungu uliopakiwa lori kwenda Kitale ulibeba neno la Mukhisa. Neno hilo likianguka, dada yake angerudi kwenye banda la moshi, na banda lingemmaliza. Hilo hakuhitaji kuambiwa na daktari.

Sindano ya kwanza ilipatikana kinywani mwa mtoto mmoja wa Matisi. Ilimchoma ulimi, akalia, akapelekwa kwa muuguzi, akarudi nyumbani akiomba soda. Ya pili ilipatikana juu ya meza ya Mukhisa mwenyewe. Mwanamke mmoja alimenya ndizi palepale aliponunua, akahisi kitu kigumu, akakitoa, akapiga yowe lililofika hadi kwenye meza za nyanya upande wa pili.

Ilikuwa sindano ya kushonea nguo, nyembamba, mpya kabisa. Mukhisa aliishika mkononi. Tundu ililoacha kwenye ganda lilikuwa dogo, hata huwezi kuliona. Mtu alikuwa amesimama pale mbele yake, akajifanya anachagua, akaisukuma ndani kwa kidole gumba. Mtu alikuwa amefanya hivyo huku akimtazama usoni, na pengine akimsalimia.

Kufikia jioni, simu za Kitale zilikuwa zimefanya kazi yake. Sindano mbili zilikuwa saba. Mtoto wa Matisi alikuwa amekufa, na kuna mtu wa Ndalu aliyeapa kwamba alichanga pesa ya jeneza. Wengine wakasema ni dini ya shetani, wengine wakasema ni siasa. Kuna waliosema samaki mmoja akioza wote wameoza, na hao ni watu ambao tangu wazaliwe hawajawahi kununua samaki wawili kwa mpigo. Bwana afya akaja na koti jeupe, akazitazama ndizi kwa mbali, akawatangazia watu waache hofu. Wahu, mama aliyeuza maparachichi kwenye meza ya pili, akamenya ndizi moja akampa aonje.

"Nimeshiba," akasema bwana afya, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata, Zachary akafungua biashara.

Zachary alikuwa kijana wa mjini mwenye viatu vyeupe. Alikuwa ameuza kava za simu, na kabla ya kava miwani ya jua, na kabla ya miwani maji ya kuombewa. Sasa aliweka meza karibu na lango, chini ya mwavuli mkubwa, na juu ya meza ndizi, machungwa na tufaha. Mkononi alishika kile kirungu ambacho askari wa milangoni huwapitishia watu mwilini kutafuta chuma. Binamu yake alikuwa askari. Kila tunda alilipitishia kirungu taratibu, macho yamefumbwa nusu kama padri, halafu akalibandika karatasi ndogo ya kijani iliyoandikwa IMEPIMWA. Bei ilikuwa mara mbili.

Na watu walipanga foleni! Walimu, makarani, mama wenye watoto mgongoni. Watu ambao jana walibishana na Mukhisa kwa sababu ya shilingi tano walimlipa Zachary bila kufungua mdomo. Mukhisa aliwatazama kwa dharau iliyomjaa kinywani hata akataka kuitema. Watu hawa, aliwaza, hawataki ndizi nzuri. Wanataka kuambiwa ni nzuri na mtu mwenye viatu vyeupe.

"Sasa, mzee?" Zachary alimwita kutoka kwenye mwavuli wake. "Leta zako nikupimie bana. Bei ya jamaa."

"Kapime akili ya mama yako aliyekuzaa."

"Ati mzee ana hasira! Si ni kusaidia tu wananchi?"

Foleni ikacheka. Mukhisa alikaa nyuma ya ndizi zake, nazo zikaanza kuota madoadoa meusi.

Mchana, Wahu alisogeza kigoda chake karibu, akasema kwa sauti ya chini. "Mukhisa, zile karatasi za kijani."

"Zimefanya nini?"

"Wiki jana Zachary aliniwekea boksi hapa chini ya meza akaenda kunywa chai. Lilikuwa wazi. Niliziona. Nikadhani ni za simu."

Mukhisa aligeuka taratibu. "Wiki jana? Kabla mtoto wa Matisi hajachomwa?"

"Kabla."

"Kwa hivyo alichapisha dawa kabla ugonjwa haujaingia."

"Mimi sijasema hivyo. Nimesema niliona karatasi."

"Twende ukaseme kwa mwenyekiti wa soko."

Wahu alipanga upya maparachichi ambayo yalikuwa yamepangika tayari. "Mimi niko na watoto, Mukhisa. Na hao vijana wa Zachary wanajua nyumba yangu. Nimekwambia wewe ujue, basi."

Mukhisa alimdharau pia, lakini kidogo, kwa sababu yeye ndiye pekee aliyesema kitu. Mwanamume mwingine angeenda polisi. Mukhisa alijua polisi wangeuliza ushahidi, na ushahidi ulikuwa umeshaanza kupanga maparachichi. Akaamua kumvua nguo Zachary mbele ya foleni yake mwenyewe. Alikuwa na hakika kwamba hata mjinga akiona kwa macho yake ataamini. Katika mambo yote aliyowahi kuwaza juu ya wanunuzi wa Kitale, hilo ndilo lilikuwa wazo la heshima zaidi, na ndilo lililomponza.

Alinunua sindano kwa fundi cherehani, akachukua ndizi moja kwenye meza yake, akaenda mpaka mbele ya foleni.

"Tazameni hapa!" akapaza sauti. "Nyote, tazameni mkono wangu!"

Simu zikainuliwa. Mukhisa aliinua ndizi juu, akaidunga ile sindano, akaisukuma mpaka ikapotea yote.

"Mmeona? Sindano iko ndani. Haya, Zachary, pima."

Zachary alitabasamu kama mtu aliyeumwa na jino. "Mzee, mashine inataka ipumzike kidogo."

"Pima!"

"Pima, si upime tu!" foleni ikapiga kelele, kwa sababu foleni hupenda vita kuliko matunda.

Zachary akapitisha kirungu. Kimya. Akapitisha tena. Kimya. Mukhisa akakinyakua, akakipitisha kwenye ndizi, kwenye mkanda wake wa suruali, kwenye mkufu wa mwanamke aliyekuwa mbele. Kimya kabisa. Akafungua mahali pa betri. Hapakuwa na betri. Buibui alikuwa amejenga humo.

Watu walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Mwanamume mmoja akadai arudishiwe pesa zake. Mukhisa akavunja ndizi, akatoa sindano, akaionyesha. "Huyu ndiye mlinzi wenu! Alichapisha karatasi kabla ya sindano ya kwanza. Jiulizeni alijuaje!" Zachary akakunja mwavuli, akaondoka na vijana wake huku foleni ikimzomea. Mukhisa akarudi kwenye meza yake, akauza chane tano kwa mara moja. Akawaza kwamba labda alikuwa amewahukumu watu hawa vibaya.

Hakuwa amewahukumu vibaya. Jua lilikuwa halijatua wakati Wahu alipomletea simu. Kwenye kioo kulikuwa na Mukhisa. Ameinua ndizi. Anaidunga sindano. Anaisukuma mpaka inapotea. Basi. Mtu alikuwa amekata mengine yote, pamoja na sauti, akaandika chini yake: *Huyu ndiye anaweka sindano Kitale. Sambaza kabla aue mtoto wa mwingine.*

"Lakini watu walikuwa hapa," Mukhisa alisema. "Waliona kwa macho yao."

"Waliokuwa hapa ni watu hamsini," Wahu akasema. "Hiyo imefika Bungoma."

Hata wale hamsini, kesho yake, hawakuwa na hakika. Yule mwanamume aliyedai pesa zake alipita mbele ya meza ya Mukhisa akitazama chini. Mwanamke wa mkufu alisema ni kweli alikuwepo, lakini mzee mwenyewe si ndiye aliyekuwa na sindano? Kwa nini mtu mwema atembee na sindano? Vijana wakaipindua meza. Mwenyekiti wa soko, mtu mnene ambaye hakuwahi kumaliza jambo lolote isipokuwa sahani, alimshika Mukhisa bega akamwambia apumzike nyumbani kidogo, kwa usalama wake. Mukhisa alipokuwa akitoka langoni na mikungu yake kwenye mkokoteni, Zachary alikuwa ameshafungua mwavuli tena. Safari hii kirungu kilikuwa na betri. Kililia piii kwa kila saa na kila bangili, na foleni ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza.

Nakhumicha alimpokea Malakisi bila kumuuliza habari. Alipakua ugali na kunde, akangoja amalize, ndipo akasema, "Nimeona hiyo video. Mtoto wa jirani alinionyesha."

"Ilikatwa."

"Najua ilikatwa. Hata angekuwa shetani, mtu hawezi kuweka sindano na kuita watu waje waone. Nani mjinga hivyo?" Akakohoa, akajifuta mdomo. "Wewe ndiye mjinga hivyo. Lakini ni wa aina nyingine."

Nje, mikungu ilikuwa imening'inia kwa mstari shambani, mingine imekomaa, mingine imeanza kupasuka.

"Watu wa tumbaku walikuja jana," Nakhumicha akaendelea. "Wamesema watanipa mbegu na mbolea, nitalipa baadaye. Hata hawakunicheka. Walinionea huruma, na hiyo ndiyo iliniuma."

"Ulichukua?"

"Niliwaambia warudi Jumamosi."

"Dada, ukirudi kwenye moshi utakufa."

"Na nisipouza nitakula nini, hasira yako?" Alimtazama sana. "Ndizi hazina makosa, Mukhisa. Kosa ni sura yako. Kila simu iko na sura yako. Kesho tunaenda soko la Bungoma. Mimi nitakaa mbele. Wewe utakaa nyuma, na hutafungua mdomo. Hata mtu akinitukana, hutafungua mdomo. Unaweza?"

Mukhisa hakuwa na hakika. Tangu afukuzwe shule akiwa darasa la sita kwa kumjibu mwalimu, hakuwahi kufunga mdomo mbele ya mjinga.

Walifika Bungoma mapema. Nakhumicha alipata nafasi kando ya wauza viazi, akatundika turubai nyuma yake, na nyuma ya turubai akamkalisha ndugu yake kwenye gunia kati ya mikungu, na kofia imeshushwa mpaka puani. Hapo Mukhisa alikaa kama mwizi na mali yake mwenyewe. Aliona miguu tu. Miguu ilikuja, ikasimama, ikaondoka. Ikaja mingine.

Kisha viatu vya mwanamke, vyekundu, vikasimama bila kuondoka.

"Mama, hizi ndizi zinatoka wapi?"

"Malakisi, kwa shamba langu."

"Si za yule mtu wa Kitale?"

Mukhisa alishika magoti yake. Maneno yalimjia yote, mazuri, makali, yamejipanga tayari. Kwamba yule mtu wa Kitale ndiye pekee aliyewaambia ukweli, na kwamba mwenye akili ya kuku na alishwe mavi ya kuku. Kwamba wanastahili kirungu, si cha kupimia. Alisikia kifua cha dada yake kikikwaruza upande wa pili wa turubai, kikitafuta pumzi ya kujibu.

"Yule?" Nakhumicha akasema. "Yule simjui. Naskia ni mtu wa mdomo sana."

"Ni mnyama. Kama ni mimi ningemchoma hizo sindano moja moja."

"Achomwe kabisa, hata machoni," Nakhumicha akasema. "Nikuwekee chane ngapi, mama?"

Mukhisa alifunga mdomo mpaka meno yakamuuma.

"Weka mbili," mwanamke akasema. "Za kuiva vizuri."

Mukhisa akachagua mbili zilizo nzuri kuliko zote, akazipitisha chini ya turubai.