Wageni wa Bibi Mahbuba

Somo kuu la Bashayer chuoni lilikuwa biashara, chaguo la baba yake. Somo la pili aliachiwa achague mwenyewe, na roho yake ikaangukia sosholojia. Nafasi zilikuwa chache, kwa hiyo Dokta Yaqdhan akawapa waombaji jaribio: kila mtu aorodheshe wageni walioingia nyumbani kwao juma zima. Mwisho wa kutuma, Alhamisi saa kumi.

Bashayer aliishi mtaa wa Darsait na Bibi Mahbuba, mama wa baba yake, wawili tu katika fleti ya vyumba vinne. Jamaa wengine wote walishahamia Seeb kwenye majumba yao mapya. Bashayer mwenyewe hutoka alfajiri, akarudi magharibi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa hesabu hiyo Bibi, masikini, alikuwa mgonjwa wa siku nyingi.

Lakini juma lile, ajabu! Kila akirudi, Bashayer alikuta finjani sita za kahawa zimeoshwa, zinachuruzika maji kwenye sinia, na Bibi ana majina tayari.

"Leo kaja shangazi yako Khulood na wanawe. Andika."

Akaandika.

Alhamisi mchana akampigia shangazi kumuuliza umri, maana fomu iliutaka.

"Mie niko Salala, leo siku ya kumi," shangazi akacheka. "Kwani Bibi hajui kama nimesafiri?"

Bashayer akarudi nyumbani mbio. Akamkuta Bibi jikoni peke yake, anaosha finjani ambazo hazikunywewa na mtu.

"Bibi, hakuja mtu."

"Na watu wa chuoni wakisoma kuwa nyumba ya Mahbuba haina mgeni, si aibu hiyo?" Bibi hakugeuka. "Mie nlikuwa nnapika biriani la watu hamsini."

"Mimi si nipo, Bibi?"

"Umejiandika?"

"Mimi si mgeni."

"Mgeni hukaa, mwanangu. Wewe wapita tu."

Bashayer akavuta kiti. Alikaa pale pale jikoni, akafuta majina yote, akaandika sufuri na maelezo yake, akatuma saa kumi kasoro dakika tano.

Jumapili Dokta Yaqdhan alimpigia mwenyewe: hakuna aliyeandika ukweli kama yeye, nafasi ni yake. Bashayer alifurahi, haki ya Mungu alifurahi, mpaka alipoiona ratiba. Vipindi vyote vya sosholojia vilianza baada ya magharibi.

Aliikubali nafasi hivyo hivyo. Kumwambia Bibi kulimchukua siku nne.