Kwelea wa Darasa la Saba

Saa kumi na mbili asubuhi Yasinta alikuwa tayari juu ya ulingo, katika shamba la mtama la baba yake, nje kidogo ya Misigiri. Alikuwa na kombeo, kibuyu cha uji na kijitabu cha mitihani ya miaka iliyopita. Ndege wakishuka, kazi yake ilikuwa kupiga kelele. Kelele gani, baba yake hakusema. Basi Yasinta, aliyekuwa na mtihani wa darasa la saba Septemba na amekwishakosa shule wiki sita, akaona asipoteze pumzi bure.

"Saba mara nane!" aliwapigia kwelea. "Hamsini na sita!"

Wiki ya kwanza waliruka. Wiki ya pili walihama suke moja tu. Ya tatu walitulia wakasikiliza, na aliposahau mji mkuu wa Zambia, wakamkumbusha. Yasinta akawaambia ahsante, akaendelea na mito.

Baba yake, mzee Simoni, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameahidi mbele ya mama mtu kwamba Yasinta akichaguliwa sekondari, atakwenda. Asipochaguliwa, ulingo upo. Kaka zake watatu walikuwa darasani saa hizo, kwa sababu kuamia ndege, kama kila mwanamume pale kijijini alivyojua, kunataka sauti nyembamba.

Mtama ulipovunwa, kwelea hawakuhama. Mwalimu Nathanaeli, tangu walimu waruhusiwe kufanya biashara, alikuwa akifundisha kwa sauti ndogo asubuhi na kwa sauti kubwa jioni, kwenye masomo ya ziada nyuma ya kioski chake. Jioni Yasinta alikuwa kisimani. Ndege walikaa juu ya bati la kioski, na asubuhi wakamsimulia njiani.

Siku ya mtihani msimamizi, Bwana Hosea, alikuta madawati matatu matupu. Wenyewe walikuwa wameolewa mwezi Julai. Kwelea watatu wakaingia dirishani, wakatua kila mmoja kwenye dawati lake. Bwana Hosea alisoma kanuni mwanzo hadi mwisho, asione zinapokataza manyoya.

"Karatasi zipo," alisema. "Msitazamiane."

Waliandika kwa kudonoa. Mmoja alinyoosha bawa kuomba ruhusa ya kwenda haja, na askari wa mlangoni akamsindikiza hadi chooni na kumrudisha, kama utaratibu unavyotaka. Yasinta hakuinua kichwa. Alikuwa kwenye swali la arobaini na alikuwa analijua.

Matokeo yalibandikwa Desemba kwenye mlango wa kioski. Yasinta alikuwa wa kwanza shule nzima. Kwelea mmoja alimfuata, alama saba nyuma. Chini yake palipigwa chapa: bweni la wasichana limejaa, kwa hiyo nafasi ya msichana anapewa Kwelea, kwa kuwa hahitaji kitanda.

"Hongera sana, mwanangu," mwalimu Nathanaeli alimwambia. "Umetutoa kimasomaso."

Yasinta aliumia. Alilia siku mbili, na Kwelea alikaa naye begani siku zote mbili, kichwa chini ya bawa, maana aibu ilikuwa imemshika. Mama yake Yasinta, Marietha, alitoa sandukuni kitambaa cha bluu alichokuwa amekificha kwa ajili ya sketi. Akakata kola ya Kwelea. Kilichobaki, ambacho ndicho karibu chote, alikikunja akakirudisha.

Mtama ulipoiva tena, Yasinta alipanda ulingoni. Juni Kwelea akaja likizo, kola shingoni, amenenepa kidogo kwa ugali wa bweni. Alitua kwenye suke la karibu na kuanza alikoishia mwalimu wake wa kemia.

Mzee Simoni akapita na jembe begani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona sikusikii?"

"Oksijeni!" Yasinta akapiga ukelele. "Haidrojeni!"

Hakuna ndege aliyeruka. Mzee Simoni alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sauti ilifika hadi mpakani mwa shamba. Jumatatu alimtoa shule Elina, mdogo wake Yasinta wa darasa la tano, akamleta ajifunze kazi, kwa kuwa naye sauti yake ilikuwa nyembamba.